Machozi ya Mwalimu Lidia

Kwa miaka kumi na mmoja mfululizo Agripina alikuwa Mama wa Mungu, siku moja kwa mwaka, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba mchana. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa Kuu. Kigango chao, kanisa dogo la kule milimani Mpepai, kilikuwa na desturi ya kuigiza Njia ya Msalaba kwa miguu, kutoka kanisani, kupanda kilima katikati ya mashamba, hadi kwenye msalaba wa zege ulioko kileleni. Siku nyingine zote za mwaka alikuwa Mama Joakim tu, mke wa Edmund, mwenye mibuni yake mia nne na mgongo unaouma. Lakini akishajitanda ule ushungi wa buluu, hata Edmund alimpisha njia.

Mwaka huu ushungi ukapewa mtu mwingine.

Mtu huyo alikuwa Mwalimu Lidia, aliyehamishiwa shule ya msingi ya pale kijijini mwaka juzi akitokea Kihagara, kule chini ziwani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitano, mwembamba, mpole, mwenye shikamoo kwa kila aliyemzidi hata miaka mitano. Kila akirudi kutoka likizo alileta usipa mkavu, vile visamaki vya ziwani, na kuugawa jumuiya nzima, nyumba kwa nyumba. Agripina alipelekewa wa kwake kama wengine. Aliula wote, kisha akasema una mchanga.

Mambo yalianza Kwaresima. Kila Ijumaa jumuiya yao ilikutana nyumbani kwa mmoja wao kusali vituo kumi na vinne vya Njia ya Msalaba. Chumba kidogo, watu ishirini, mishumaa inafuka, na moshi wa jikoni unapita juu ya ukuta usiofika kwenye bati. Wakifika kituo cha pili tu, machozi yalianza kumtoka Mwalimu Lidia. Hakulia kwa kwikwi wala kwa kelele. Machozi yalishuka yenyewe, mashavu yote mawili, na yeye akaendelea kusali kana kwamba hayamhusu. Wanawake wakaanza kutazamana. Walburga, aliyepakana shamba na Agripina na asiyeweza kukaa na neno kifuani hata kwa nusu saa, akatangaza kwamba mwalimu amejaliwa karama ya machozi. Lidia mwenyewe alimjibu kwamba ni macho tu yanamsumbua. Watu wakazidi kumsifu, safari hii kwa unyenyekevu wake.

Agripina alisikia yote hayo na kila neno lilimkaa kooni. Tuseme ukweli, yeye hakuwa na machozi. Hakuyapata tangu utoto. Siku walipomzika mama yake kule Mbuji alisimama kaburini akikodoa macho, kifua kikimuuma kama kimepigwa nyundo, na chozi halikutoka hata moja. Mawifi walimsema mwaka mzima. Alipoigiza Maria alikuwa na sauti, alikuwa na hatua, alijua pa kunyoosha mikono na pa kuanguka, lakini uso ulibaki vilevile. Katika miaka yote kumi na mmoja hakuna aliyemwambia zaidi ya kwamba amefanya vizuri. Sasa akatokea mgeni wa ziwani, hajui hata kushika jembe la mlimani, na watu wanapiga magoti kumwangalia.

Jumapili ya nne ya Kwaresima katekista Vitalis alitangaza majina ya waigizaji. Yesu angekuwa Tobias, seremala, kwa sababu msalaba aliuchonga mwenyewe na ndiye pekee aliyeweza kuubeba hadi juu. Maria angekuwa Mwalimu Lidia. Mama Joakim angekuwa Veronika, yule wa kituo cha sita, anayejitokeza mara moja, anapangusa uso wa Yesu kwa kitambaa na kurudi kwenye msafara. Baada ya ibada Vitalis alimwita kando, akijua moto aliouwasha.

“Mama Joakim, unaigiza vizuri sana, hilo halina ubishi,” alimwambia. “Lakini mwalimu analia kweli.”

Agripina akaitikia kwamba ni sawa, yote ni kazi ya Mungu. Alifika nyumbani akaibamiza sufuria ya ugali mezani hadi Edmund akauliza nani amekufa. Usiku ule, na uliofuata, aligeuka kitandani akilihesabu kila neno la Vitalis. Wivu aliokuwa nao haukuwa wa kijuujuu. Ulimla hasa. Alikuwa radhi mvua kubwa inyeshe Ijumaa Kuu na msafara uvunjike, mradi Lidia asisimame pale kwenye kituo cha nne akiwa na ushungi wa buluu na mashavu yaliyolowa.

Jumanne ya Juma Kuu walifanya mazoezi. Agripina alichelewa, akapitia mlango wa nyuma wa sakristia, chumba cha kuvalia mavazi ya ibada, na hapo ndipo alipoona. Lidia alikuwa peke yake amekaa kwenye benchi, kichwa amekilaza nyuma, kidole kimevuta kope ya chini, na mkono mwingine umeinua kichupa kidogo juu ya jicho. Tone likadondoka. Akahamia jicho la pili. Kisha akafumba macho, na maji yakamteremka mashavuni.

Agripina alirudi nyuma kimyakimya. Kumbe! Kumbe ndiyo karama yenyewe hiyo, machozi ya chupa! Watu wazima na akili zao, na katekista wao, wanapigishwa magoti na matone ya dukani. Alitamani kumwita Vitalis papo hapo. Lakini hakuwa mjinga. Alijua angeambiwa ni kijicho cha ushungi, na Walburga angekuwa wa kwanza kusema hivyo. Dawa ya mtu kama Lidia ilikuwa moja tu: apande kilima bila kichupa chake, asimame mbele ya kigango kizima, na watu wajionee uso mkavu.

Lidia alipotoka kwenda kujipanga na wenzake, kifuko chake kilibaki kwenye benchi. Kilikuwa kifuko cha kitenge cha njano, cha kufunga kwa kamba. Ndani mlikuwa na vichupa viwili na karatasi ya hospitali yenye ule mwandiko wa madaktari ambao hata malaika hawasomi. Neno moja lilisomeka, kwa sababu lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari: USIKATISHE. Agripina hakulitafakari. Alikididimiza kifuko kiunoni, chini ya kanga, na kwenda kujifunza kupangusa uso wa Tobias.

Nyumbani alikificha kwenye kopo la mbegu za maharage. Alijiambia kwamba hakuiba. Mwizi ni yule anayechukua asirudishe. Yeye angekirudisha Ijumaa hiyohiyo baada ya msafara, nyuma ya benchi la sakristia, ionekane kilidondoka.

Jumatano jioni Lidia alipiga hodi. Alimsalimu vizuri kama kawaida, akauliza kama Mama Joakim hakuona kifuko cha njano siku ya mazoezi. Ni dawa yake ya macho, alisema, na haipatikani Mbinga mjini. Anaandikiwa na daktari wa macho Songea, nayo huagizwa kwa ajili yake, na mpaka Pasaka ipite hakuna namna ya kuifuata. Agripina alimtazama usoni, akamjibu kwamba hajakiona. Moyoni alicheka. Anaiita dawa!

Alhamisi Kuu, mwishoni mwa ibada, katekista alitangaza kifuko kanisani: kitenge cha njano, kamba nyeupe, mwenye kukiokota amrudishie mwalimu, ni dawa ya hospitali. Lidia alikuwa amekaa benchi la mwisho, kanga imemfunika hadi puani, kichwa kimeinama. Agripina akasema moyoni kwamba aibu imeanza mapema.

Ijumaa Kuu kulipambazuka kukavu, na upepo wa mlimani ukavuma tangu asubuhi. Agripina alikifunga kifuko kiunoni, akakunja kitambaa cheupe cha Veronika, akatoka. Watu walikuwa wengi kuliko mwaka wowote. Walikuja hata wa vigango vya jirani, kwa kuwa Walburga alikuwa amehakikisha kwamba karama ya mwalimu inajulikana kila mahali panapofika kwa pikipiki. Msafara ulianza kupanda. Njia ilikuwa nyembamba, huku na huku mashimo ya ngolo, yale ya kuzuia maji yasibebe udongo, yamepangana mteremko mzima, mahindi yamesimama kwenye matuta yake. Tobias alitangulia na msalaba wake, anahema kwelikweli.

Kituo cha nne ni pale Yesu anapokutana na Mama yake. Lidia alikuwa amesimamishwa pale tangu mwanzo, ushungi wa buluu umemfunika uso mzima. Agripina alijipenyeza hadi mbele. Haya sasa, alisema moyoni, funua tuone.

Lidia akafunua ushungi, na watu wakashusha pumzi kwa pamoja.

Machozi yalikuwa yanamtiririka. Siyo yale ya Kwaresima, ya kushuka pole pole. Haya yalimiminika, yakapita kidevuni, yakaloanisha kifua cha gauni. Kope zilikuwa nyekundu na zimevimba, uso umekunjamana kwa maumivu ambayo hakuna mtu angeweza kuyaigiza. Mikono yake ilipapasa hewani ikimtafuta Tobias, ikamkosa, ikapapasa tena. Wazee wakavua kofia. Wanawake wakapiga magoti kwenye udongo mwekundu na nguo zao za kanisani, na Walburga, ambaye kwa kawaida hanyamazi, alikuwa amejishika mdomo analia.

Agripina alihisi kama amemwagiwa maji ya moto. Amepata wapi chupa nyingine? Ana vichupa vingapi huyu mwanamke? Alikuwa amemvizia amshushe, na badala yake amempandisha kuliko alivyopata kupanda mtu yeyote mahali pale. Kwa dakika ile alimchukia Lidia kwa chuki safi kabisa, isiyochanganyika na kitu, na tusimpunguzie.

Msafara ukaendelea. Desturi ilitaka Maria afuate nyuma ya msalaba na wanawake nyuma yake. Lidia alipiga hatua mbili, ya tatu ikakanyaga ukingo wa njia, ardhi ikamomonyoka na kudondokea ndani ya shimo la ngolo. Watu waliguna kwa huruma, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Agripina alikuwa wa karibu, akamdaka mkono kabla hajajua anachofanya.

“Nani?” Lidia aliuliza kwa sauti ya chini. Macho alikuwa ameyafumba kabisa.

“Mimi. Mama Joakim.”

“Mama Joakim, nishike, usiniache. Sioni. Nikiyafungua ni kama yamejaa mchanga. Watu wanadhani naigiza.”

Agripina alimshika. Wakapanda hivyo, bega kwa bega, huku watu wakiimba. Akamuuliza, kwa ukali ambao hakuweza kuuficha, kama anaumwa macho anawezaje kulia kiasi hiki. Lidia akamweleza kwa vipande vipande, akivuta pumzi kila mahali pa kupanda. Ugonjwa wake ni wa macho kukauka. Jicho halitengenezi ule ute wake wa kulilainisha, hivyo linajikwaruza kila likipepesa, na likishaumia sana ndipo linamwaga maji ovyo, maji yasiyosaidia kitu. Ile dawa ndiyo inayoyazuia. Kichupa kimoja ni cha asubuhi na jioni, kwa miezi, kutibu. Cha pili ni cha kulainisha wakati wowote. Alikuwa ameanza kupata nafuu. Daktari alimwonya kwamba akikatisha, jicho linaweza kufanya kidonda, na kidonda kikiacha kovu kwenye kioo cha jicho hataona vizuri tena ubaoni.

“Leo ni siku ya tatu,” alisema.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kile kichupa hakikuleta machozi. Kilikuwa kinayakausha, na aliyeyaleta haya ya leo ni Agripina.

Walifika kituo cha tano, aliyeigiza Simoni akasaidia kubeba msalaba. Agripina hakusikia sala hata moja. Kifuko kilimchoma kiunoni. Hesabu yake ilikuwa rahisi na ya aibu. Akinyamaza, msafara utaisha saa saba, atakidondosha nyuma ya benchi, na hakuna atakayejua. Akikitoa sasa, kigango kizima na wageni wa vigango vitatu wataona kinatoka wapi. Kila mtu alikuwa amelisikia tangazo. Hatakuwa Maria tena wala Veronika. Atakuwa yule aliyemwibia mgonjwa dawa Juma Kuu, na Walburga atalifikisha neno hilo hadi ziwani. Lakini ule mkono uliokuwa ndani ya mkono wake ulikuwa wa moto, na kila upepo ulipovuma ulimbana kwa nguvu.

Kituo cha sita. Vitalis akasoma kwa sauti, Veronika anapangusa uso wa Yesu. Tobias akasimama, jasho linamdondoka, akisubiri. Watu wote wakamgeukia Agripina. Akakunjua kitambaa cheupe, akapiga hatua mbili mbele, kisha akampa Yesu mgongo.

Alimketisha Lidia kwenye tuta la ngolo, kati ya mahindi. Akamwomba Walburga maji ya kunywa, akanawa mikono yote miwili mbele ya watu, taratibu, hadi kwenye kucha. Akampangusa Lidia mashavu kwa kitambaa cha Veronika. Kisha akatia mkono kiunoni na kutoa kifuko cha njano.

Waliokuwa mbele wakakitambua: kitenge cha njano, kamba nyeupe.

“Kichupa gani?” aliuliza.

“Chenye kifuniko cheupe kwanza,” Lidia alisema, na akalaza kichwa nyuma. “Kisiguse jicho.”

Agripina alivuta kope ya chini kama alivyomwona akifanya sakristia. Hapo Vitalis akapata sauti.

“Mama Joakim, hicho kifuko umekitoa wapi?”

Agripina alifungua mdomo. Alikuwa tayari, na Mungu ni shahidi, alikuwa tayari kusema.

“Nilimpa anitunzie, katekista,” Lidia alisema kutoka pale alipolaza kichwa. “Nikasahau.”

Tone likaingia. Likaingia na la pili. Baada ya muda mfupi Lidia alipepesa, akafungua macho kidogo, akaona mbingu, akaona mahindi. Machozi yalipungua, yakawa unyevu tu. Huku nyuma minong'ono ilianza, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mmoja ilikuwa ya kumsifu Agripina. Kumbe ndiye anayemtunzia dawa! Mwone, ameacha zamu yake amhudumie mwenzake! Walburga alisema, na akarudia kwa waliokuwa nyuma, kwamba huyu ndiye Veronika hasa. Zilikuwa sifa zilezile alizozitamani, na zilimpita kooni kama dawa ya minyoo. Alirudi kwa Tobias akampangusa uso kwa kitambaa kilichokwisha kulowa. Njia iliyobaki Maria alipanda macho makavu, na watu walilia vilevile.

Mchana kutwa Agripina hakula, na hata kama wengine wasingefunga yeye angefunga. Kilichomla kilikuwa bado wivu, ajabu ile. Alikuwa ameshindwa kwa machozi, sasa ameshindwa kwa wema pia. Yule mwanamke amemfunika mbele ya kigango kizima, tena kwa uongo, tena Ijumaa Kuu, na hakuna hata atakayejua ili amsifu. Mtu wa namna hiyo unamshindaje?

Saa kumi na moja jioni alikwenda kwenye nyumba za walimu. Lidia alikuwa ndani, madirisha yamefungwa kuzuia upepo, taulo lenye maji ya vuguvugu limelala juu ya macho. Agripina hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama: sakristia, kichupa, kopo la maharage, Jumatano pale mlangoni. Alisema kwamba alidhani machozi yale ni ya chupa. Na akasema kwamba alimwonea wivu, na bado anamwonea.

Lidia aliondoa taulo. Macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili.

“Nilijua pale ulipokitoa,” alisema. “Kifuko hakitembei chenyewe.”

“Mbona hukusema? Mbona ulinitetea?”

“Kukutetea?” Lidia alimwangalia kwa mshangao. “Mama Joakim, ulikuwa umeshika kichupa juu ya jicho langu. Katekista amekuuliza mbele ya watu wote. Ningekuacha ujibu, mkono ungetetemeka, na dawa ingemwagika. Nilitaka tone liingie. Basi.”

Agripina akakaa chini. Kwa hiyo haukuwa hata wema. Alikuwa ameuonea wivu mchana kutwa, na haukuwepo. Akasema kwamba Jumapili atasimama mwenyewe kanisani na kuwaeleza watu. Lidia alimjibu kwamba hilo atalijua yeye na roho yake, wala asidhani kwamba hasira zimeisha, kwa maana hazijaisha. Jumatatu atapanda gari kwenda Songea, na daktari atamwambia kama kuna kovu au hakuna. Watazungumza vizuri siku hiyo.

“Ila sasa saa ya dawa ya jioni imefika,” alisema, “na peke yangu leo sioni pa kulenga. Nawa mikono.”

Agripina alinawa. Lidia akalaza kichwa nyuma, akafungua jicho la kulia. Lilikuwa jekundu, kubwa, na lilikuwa linamtazama yeye kutoka chini, moja kwa moja, bila kupepesa. Hakuna mtu aliyepata kumtazama hivyo, hata Edmund, hata wale wote wa miaka kumi na mmoja. Akainua kichupa. Tone likajikusanya kwenye ncha. Mkono ukatetemeka, tone likaanguka pembeni, likashuka shavuni mwa Lidia.

“Umeona?” Lidia alisema, na hakulipangusa. “Tena.”